Jogoo Aliyetuchagulia Safari

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kisumu tu wazima. Nyanya yako amepona goti, na sasa anatushinda sote kutembea. Umeniuliza mje kwa basi au kwa treni kutoka Mombasa, na mtoto bado mchanga.

Ngoja nikwambie. Miaka ya themanini dada yangu alijifungua huko Mombasa, nami nikapanga kumpeleka mama yetu akamwone mtoto. Nilijiona mjanja sana. Nilichora karatasi: basi upande huu, treni upande ule, tunatoka saa ngapi, tunafika saa ngapi. Basi likashinda. Asubuhi ya safari, mama akafika kutoka Usenge na jogoo hai kwapani.

"Bwana, kuku anapanda juu na mizigo," kondakta akaniambia.

Mama akacheka. "Zawadi ya mtoto ikae juu kama gunia la dagaa wa omena? Twende na treni."

Tukaenda na treni, polepole kweli. Alfajiri jogoo akawika, behewa zima likaamka likicheka. Kufika Nairobi, mama alikuwa ameshaalikwa harusi mbili. Karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Mtoto aliyepelekewa jogoo yule ni mama yako.

Kwa hivyo njooni kwa gari lolote ambalo mtoto atapakatwa kwa raha. Jogoo wake nimeshamfunga mguu hapa nyuma ya nyumba. Anawika kila asubuhi, na nyanya yako ameanza kumtazama vibaya. Msikawie.

Babu yako