Hamoud na Mkeka wa Nikaha

Dada Zulekha, shikamoo.

Huku Junda mvua imetulia, na Ijumaa tumemuoza binti yetu Shaza, alhamdulillah.

Uliuliza kwa nini baba yake alikuwa akiahirisha nikaha. Wazazi wa kijana walidhani hamtaki mwana wao. Kumbe Hamoud ana bawasiri, uvimbe wa nje, akaona haya kusema hawezi kukaa mkekani kumuozesha bintiye. Akajipaka mafuta ya karafuu tunayotia jino linapouma! Ukelele wake ndio uliomfichua.

Daktari akamwambia akae ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, ale mboga na papai, asijikamue chooni. Uvimbe ukanywea.

Shaza hakulia. Niliyelia ni mimi, nilipochungulia dirishani nikamwona Hamoud akikunja miguu, akaketi, akatabasamu.

Mdogo wako,
Mahfoudha