Jozi Kumi na Moja

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimekasirika.

Unajua ninachosoma: galaksi, yale makundi makubwa ya nyota. Mbili zikipitiana karibu, nyota zenyewe hazigusani. Gesi ndiyo inayovutwa, inaporomokea katikati, inabanana, na nyota mpya zinazaliwa kwa fujo. Profesa wangu anashikilia kwamba kila zikigombana lazima iwe hivyo. Nimepima jozi arobaini. Katika kumi na moja hakuna kitu, Mama! Gesi haikutosha. Anataka nizifute, la sivyo hasaini tasnifu yangu, na miaka yangu sita iende na maji. Sifuti ng'o.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mguu haujambo, ulimi ndio unaoniwasha. Barua yako nairudisha na wino mwekundu. Miaka thelathini nasahihisha makosa ya chapa hapa kiwanda cha vitabu, nikuache wewe? Zinagongana, si zinagombana! Anayegombana ni wewe.

Sasa nisikilize. Zitoe hizo kumi na moja, akusainie, urudi. Ukishapata shahada utasema unachotaka. Nimechoka kukungoja, nakwambia wazi.

Mama yako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nilisimama mbele ya wakubwa wa chuo wanaotahini, nikaonyesha zote arobaini. Mzee mmoja akauliza, "Hizi kumi na moja za nini?" Nikamjibu, "Ndizo zinazotuambia kugongana peke yake hakutoshi." Profesa akafunga kalamu yake, akatoka. Hajasaini.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuchukua karatasi zangu; nakala yake nimekuwekea humu. Ungekuwa wewe, Mama, ungezitoa? Niambie ukweli.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu jeuri,

Marahaba mara mia. Swali lako limeninyima raha. Msimamizi wangu aliwahi kuniamuru niache kosa lipite, eti aliyeliandika ni mkubwa. Nikaliacha. Mpaka leo nikiuona ukurasa ule naona haya. Kwa hiyo ule ushauri wangu, usiufuate.

Kazi yako nimeitafsiri kwa Kiswahili na kuipanga mwenyewe iwe kitabu, neno kwa neno, mafundi wenzangu wakinicheka kwamba nimehamia mbinguni. Waache wacheke. Jozi zote arobaini zimo, na zile kumi na moja nimezipa ukurasa wa kwanza. Jina lililo juu ya jalada ni lako peke yako.

Nakala ya kwanza nimempelekea profesa wako. Kusaini amekataa, basi asome.

Mama yako