Mtoto wa Nyumba ya Robi

Mama Robi,

Udongo wa kaburi lako bado haujashikana, na nyumba yako imeshaingiliwa. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kanisani. Kikuria chetu kinabaki mdomoni.

Unakumbuka siku ulipokuja kwetu na ng'ombe? Mume wako alikuwa amekufa bila kukuachia mtoto wa kiume, ukasema utaoa mke wewe mwenyewe, kama mila yetu inavyomruhusu mjane asiye na mwana, ili nizae watoto wa nyumba yake. Nililia njia nzima. Tulipofika ukanipa uji, ukaniambia, "Boke, sikukununua. Nilikuwa natafuta mtu wa kukaa naye." Hata nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema nami hivyo. Na Mwita alipozaliwa, mgongo wako ndio uliombeba kabla ya wangu.

Sasa sikia. Juma lililopita Odhiambo alikuja. Yule mwuza samaki kutoka Homa Bay, aliyekuwa akilala kwangu siku za soko, nawe ukimpa kiti bila kumuuliza neno. Amezeeka. Alisema amesikia umetutoka, na kwamba kwake amejaliwa mabinti tu, kwa hiyo amekuja kumchukua mwanawe. Mwanawe, Mama.

Nilidhani shemeji yako Marwa atamfukuza. Badala yake akamkaribisha vizuri. "Mchukue tu," akasema, "damu ni yako." Wapimaji wa ardhi wako njiani, na Mwita akiondoka, shamba la mume wako halina mwanamume wa kuandikishwa ila Marwa. 

Mwita alikuwa ametoka kuchunga. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akamwambia Odhiambo kwa adabu, "Mzee, nyanya yangu nimemzika mimi. Nilimwaga udongo wa kwanza mbele ya watu wote, na babu Marwa ndiye aliyenipa jembe. Siku ile nilikuwa mjukuu. Leo nimekuwa nani?"

Marwa akaangalia chini. Odhiambo akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Ungefikiri nilifurahi. Mwita alimsindikiza mpaka barabarani, nikawaona kwa nyuma. Mabega yale yale, mwendo ule ule. Tangu hapo mtoto hali chakula vizuri. Jana akaniuliza kutoka hapa mpaka Homa Bay ni mbali kiasi gani. Nikamtuma kuni.

Naye Marwa hasemi kitu, lakini ng'ombe wake siku hizi wanalala kwenye shamba letu. Wewe ungejua la kumwambia. Ungekohoa tu pale mlangoni, naye angewaondoa. Mimi nikikohoa anauliza kama ninaumwa.

Lala, Mama. Mwita akitaka kumjua yule mtu, sitamficha. Nitampeleka huko Homa Bay ziwani mimi mwenyewe, na akikubali kurudi, tutarudi pamoja. Na wapimaji wakifika, nitasimama kwenye mpaka niwatajie jina la mume wako, na lako, na la Mwita, hata kama Marwa atanipigia kelele mbele ya chifu. Sijui kama wataandika. Nitasimama.

Mimi,
Boke wako