Mlango wa Parminder

Acocks Green, Birmingham
9 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, kazi ya wodini inaendelea na mgongo umepunguza malalamiko. Wewe je? Masikio yanasemaje? Mdogo wangu Eric ananiambia Jumapili ulimjibu mchungaji "Amina" kabla hajaanza kuomba. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Eric akuonyeshe barua hii kwenye simu yake, na ayakuze maandishi, asikuharakishe; jibu lako la kalamu alipige picha anitumie.

Nina jambo linalohusu kazi yako. Mwenye nyumba ninayopanga ni Mzee Gurnam, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Alikuja huku akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani Washwood Heath, wakiunda magari ya mizigo, mpaka kiwanda kikafungwa. Nyuma ya nyumba, kando ya banda, ana gari dogo aina ya Mini lililokuwa la marehemu mkewe, Parminder. Kutu imelila mpaka sakafu. Sasa ameagiza bodi mpya, imefika juzi juu ya lori. Haina injini, haina kioo, haina waya hata mmoja. Chochote kizuri kilichobaki kwenye gari la zamani tutakihamishia humo.

Shida ni macho yake. Yanafifia, na mwezi wa tisa anahamia Toronto kwa binti yake Jaspreet. Anataka apande gari la mkewe hata mara moja kabla hajaondoka, nami nimemwahidi. Mikono itakuwa yangu, akili iwe yake na yako. Nianzie wapi?

Mama yako,
Mumbua


Machakos
16 Machi 2025

Kwa Mumbua,

Sisi hapa hatujambo. Mvua imekataa, mbuzi wa Eric amezaa mapacha, masikio ni yale yale.

Barua yako nimeisoma mara mbili na imenichoma. Unajua nimekuwa fundi wa bodi miaka arobaini. Masikio yangu yaliishia kwenye mabati ya watu. Nimeletewa magari yaliyobingirika bondeni, nikayanyoosha, yakaenda kubeba maharusi. Sikuwahi kumwambia mteja atupe bodi anunue nyingine. Bodi ndiyo gari, mengine yote ni mizigo iliyobebwa ndani. Ukimwekea huyo mzee bodi mpya umempa gari la mtu mwingine lenye injini ya mkewe.

Nilikupa jina la mama yangu, na ndiyo sababu tangu ulipozaliwa nakuita Mama na barua zangu natia sahihi "Mwanao". Lakini mama yangu hakutupa sufuria kwa sababu imetoboka. Kwa hiyo leo utaona mwenyewe nimetia sahihi gani.

Ukishindwa kunisikiliza, basi angalau fanya kazi safi. Paipu za breki kwanza, halafu nyaya, halafu kitambaa cha dari, vioo baadaye. Na usiache alama popote. Alama ni aibu ya fundi.

Baba yako,
Walter


Acocks Green
27 Aprili 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hasira imepungua na mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri. Mimi nimepona mafua.

Baba, nilijaribu. Niliingia chini ya ile bodi kuukuu nikabonyeza sakafu kwa kidole, kidole kikatokea ndani ya gari. Mzee Gurnam alinicheka. Akasema, "Hii iko biskuti, Mumbua. Iko ngoja chai tu." Hapakuwa na mahali pa kuchomelea. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja na kuichukua, na Mzee alikaa jikoni mpaka lori likaondoka. Nikajua hakuwa anacheka moyoni.

Mpangilio wako nimeufuata. Mzee anakaa kwenye kiti cha plastiki, namwekea kila kipande mkononi, anakipapasa na kuniambia kinaenda wapi. Nyaya zimeingia. Kitambaa cha dari kilitutoa jasho, mara mbili kilikunjamana, ila kimekaa. Vioo bado, kama ulivyoagiza.

Usininunie. Niandikie japo mistari miwili.

Mama yako bado,
Mumbua


Acocks Green
13 Julai 2025

Kwa Baba,

Habari za huko? Barua ya Aprili hukuijibu. Nikimuuliza Eric ananiambia, "Mzee yuko poa, usistress," halafu anabadilisha mada. Sasa sijui kama ni hasira au ni nini. Lakini leo sina mwingine wa kumwandikia.

Gari limekwisha. Linang'aa, limewaka mara ya kwanza, halina alama hata moja. Jumamosi nilimshika Mzee mkono nikamkalisha kwenye kiti cha dereva, hapa hapa uani, alisikilize injini. Aligusa usukani wa mkewe, akatabasamu. Kisha akashusha kioo, akapitisha kiganja juu ya mlango, pale kioo kinapozama. Akapitisha tena.

"Iko safi sana," akasema. "Kama ya duka." Akashuka, akaingia ndani.

Jioni ndipo aliponieleza. Parminder alizoea kuendesha kioo kikiwa chini, hata baridi ikiwa kali, mkono wa kulia umelala juu ya mlango. Unajua ile bangili ya chuma wanayovaa Masingasinga wote, wake kwa waume. Bangili yake ilikuwa inagonga pale gari likitikisika, miaka na miaka, mpaka ikala rangi na kuacha kishimo kwenye chuma. Mzee alikuwa akiisikia kutoka mwanzo wa barabara, anajua mkewe amefika. Bodi mpya ilikuja na milango yake, nami sikufikiria zaidi ya hapo.

Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniliza. Ulisema nitampa gari la mtu mwingine. Ndivyo nilivyofanya, Baba.

Mumbua


Machakos
20 Julai 2025

Kwa Mumbua,

Tumepokea, na hapa ni wazima. Usilie, unachelewesha kazi.

Umeandika kwamba bodi imechukuliwa. Hukuandika kwamba milango imechukuliwa. Fundi yeyote hung'oa milango kabla ya kupakia bodi, na huyo mzee ni mtu wa kiwandani. Nenda katazame nyuma ya banda.

Ukiukuta mlango wa kulia, chini utakuwa umeoza, ndiko maji hukaa. Kata palipooza mpaka ufikie chuma kizima. Pima kiraka kwa karatasi kwanza, halafu kwa bati. Chomelea nukta hapa, nukta kule mbali, usikae mahali pamoja, bati likipata moto litajikunja. Ukimaliza, shika chuma cha kuegemezea kwa nyuma na upige kwa mbele polepole. Usitumie macho. Fumba, papasa kwa kiganja, mlima utausikia. Hayo yote uyafanye mpaka pasijulikane pameungwa.

Lakini juu, pale pa bangili, usipaguse. Usipake rangi, usipige msasa. Maisha yangu yote nimefuta alama za watu kwenye magari yao. Hiyo iache.

Yule rafiki yako nesi wa Ladywood, Chepkoech, yuko likizo huku. Anarudi wiki ijayo na mzigo wako. Ni mzito, usimcheleweshe uwanjani.

Baba yako,
Walter


Acocks Green
15 Septemba 2025

Kwa Baba,

Shikamoo tena na tena. Samahani kwa kukawia, nilitaka niandike nikiwa na la kusema.

Milango ilikuwepo nyuma ya banda, imefunikwa turubai. Mzee aliing'oa mwenyewe kabla sijaanza kazi, akaisahau kabisa, alidhani imekwenda na lori. Ule wa kulia ulikuwa umeoza chini kama ulivyosema. Kiraka cha kwanza nilikiharibu kwa moto, nikakata tena. Majirani wanadhani nimefungua karakana. Nimefumba macho na kupapasa mpaka kiganja kimepata sugu. Rangi ya chini inafanana na gari, ila kule juu nilipakwepa, pamebaki pamechubuka kama palivyokuwa.

Juzi Jumamosi nikamtoa Mzee nje. Nilitaka kumwelekeza mkono, akaupata mlango mwenyewe. Kidole gumba kilipotumbukia kwenye kile kishimo alisema kitu kwa Kipunjabi, halafu akaegemea gari na kulia waziwazi, nami nikalia naye.

Tulipoingia, yeye upande wa abiria, akatoa kitambaa mfukoni. Ndani ilikuwa bangili ya Parminder. "Wewe vaa. Weka mkono pale." Nikavaa, nikashusha kioo, nikaulaza mkono mahali pale. Tulizunguka Acocks Green, tukapita stesheni na maduka, na kila barabara ilipokuwa mbovu bangili ikagonga. Mzee alifumba macho. Tulipofika nyumbani akasema, "Zunguka ingine." Tukazunguka mpaka petroli ikatuonya.

Jana ameondoka. Bangili amekwenda nayo, gari ameniachia.

Sasa Baba, niambie ukweli. Ule mzigo wa Chepkoech ni nyundo yako yenyewe, yenye mpini uliochongwa na babu. Hujawahi kumwazimisha hata Eric. Na mwandiko wa barua ya Julai si wako. Utapigia nini?

Nimemtumia Eric picha za mlango.

Mama yako,
Mumbua


Machakos
21 Septemba 2025

Kwa Mama yangu,

Hatujambo, ila wewe una macho makali. Anayeandika ni Eric, mimi nasema. Mikono inatetemeka tangu Aprili, haishiki kalamu wala nyundo. Daktari ametupa dawa, tunaona. Hasira zangu ziliisha siku ile ile nilipotuma barua, lakini nilinyamaza kwa sababu sikutaka uone mwandiko wangu. Karakana nimefunga. Nilihuzunika sana, sitakudanganya. Nyundo usiirudishe.

Picha nimeziona. Eric amezikuza mpaka zikajaa simu yote. Nimetafuta chini ya mlango mahali ulipounga. Nikavaa miwani, nikatafuta tena, nikampa Eric atafute, nikamwita na jirani.

Sikupaona.

Mwanao,
Walter