Utepe Nilioubandua

Chumba Na. 6, Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Ndege.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu salamu zisizoenea kwenye bahasha. Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha mjomba? Mimi mwili mzima, ila roho iko juujuu tangu Jumatano. Mimi huyu, niliyetukanwa nchi tatu kwa lugha nne nikajibu kwa tano!

Niliwahi kukuambia ndege zetu haziruki mpaka mkono wangu upite. Sikudanganya sana. Nafunga vyombo kwenye chumba cha rubani. Karibu na mkono wake kuna mipini miwili inayofanana kama mapacha: mmoja hukunja magurudumu, mwingine hukunja vibao vya mbawa, vile vinavyoshushwa wakati wa kutua. Sisi mafundi huvingirisha utepe mweusi kwenye ule wa magurudumu, vidole vijue bila macho. Mkaguzi akikaribia tunaubandua, maana haumo kwenye mchoro, na wahandisi wetu huuheshimu mchoro kuliko baba mkwe.

Rubani wa majaribio alifanya mazoezi wiki mbili utepe ukiwapo. Jumanne nikaubandua kwa ajili ya ukaguzi, nikasahau kumwambia. Nilikuwa nawasimulia wenzangu safari zangu. Jumatano ametua vizuri, ndege bado iko mbioni, akapapasa mpini usio na utepe ili akunje vibao. Akakunja magurudumu. Ndege ikalala kifudifudi, cheche zikaruka. Katoka na bega limevunjika.

Mhandisi mkuu kaandika: uzembe wa rubani. Kesho saa nne kuna kikao, nami natakiwa kutia sahihi kama shahidi.

Kuna mbunifu mgeni, tunamwita Bibi Maswali, kwa kuwa kabla ya kuchora chochote hutuuliza sisi tunaokishika. Wahandisi humcheka. Mkuu alimwambia mbele yetu kwamba mtu ndiye hufundishwa kuifuata ndege, ndege haimfuati mtu. Jana akaja na tochi, akagusa gundi kwenye mpini.

"Kaka, hapa palikuwa na nini?"

"Uchafu tu."

"Uchafu umezunguka vizuri hivyo?"

Hakunikemea. Alisema anataka mpini mmoja uwe na kichwa cha duara kama gurudumu, mwingine bapa kama bawa, lakini bila fundi wa kueleza sababu hatasikilizwa. Na ndege ya pili inaruka Alhamisi, mipini ile ile.

Nikaenda hospitali. Rubani akanishika mkono: "Fundi, nisamehe, nimeharibu kazi yako." Nikamtania kwamba nimeona marubani wabovu kuliko yeye. Nje nikakaa kwenye ngazi.

Naogopa, Shangazi. Nikisema, nitafukuzwa, labda nishtakiwe, na wenzangu waniite msaliti. Nikinyamaza, Alhamisi mwenzake atapapasa vilevile, akiwa angani.

Sijatia sahihi. Nimemwomba Bibi Maswali tuwafunge wahandisi kitambaa machoni, mmoja mmoja, wakae kwenye kile kiti watuambie mpini upi ni upi. Baada ya hapo nitasema nani aliubandua utepe. Sauti sijui itatoka wapi.

Nisalimie mjomba, dada mkubwa na mdogo wetu Kifupi, mwambie aache kurefusha visigino vya viatu. Mungu akulinde, na mimi anibakizie ulimi kesho.

Barua hii naiposti kabla ya kikao, ili hata nikitaka kukimbia, wewe uwe umeshajua.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako