Nilisogeza Mzigo Nyuma, Lawama Akabeba Shemeji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nimepangiwa kwenda kuvuta tanuri la mama mkwe wangu kwa gari langu, na tangu nipewe kazi hiyo usingizi umenikimbia, na mke wangu anadhani ni presha.

Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa, wateja huniita Dokta nami huwasahihisha, ingawa si kwa bidii sana. Nina gari kubwa la viti saba, lile la kupanda milima, nililolinunua baada ya kujinyima miaka mingi, na nakiri nalipenda hadi mke wangu hunitania kwamba ananionea wivu. Sasa mama mkwe ni mwokaji mikate, goti likaanza kumsumbua, tukakubaliana ahamie kwetu pamoja na vifaa vyake, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na hutengeneza matela ya kuuza, akaleta tela lake akalifunga nyuma ya gari langu, akasimamia mwenyewe kupakia mzigo wa kwanza, yaani ile mashine ya chuma ya kukandia unga ambayo haibebeki chini ya watu wanne, akaiweka mbele kidogo ya magurudumu ya tela, mifuko ya unga akaipanga kuizunguka, akafunga kamba, akalizunguka tela mara mbili huku analigonga kwa kiganja, akaniambia, "Shem, usiguse kitu, na usipite themanini," kisha akawasha pikipiki yake kututangulia nyumbani aandae pa kushushia.

Kosa langu linaanzia hapo. Mama na mke wangu walikuwa bado ndani wanafunga madirisha, mimi nimesimama nje, na mzigo ulikuwa umelikandamiza gari likashuka nyuma kidogo na pua ikainuka, ndipo kinyozi wa jirani akatoka na mashine yake ya kunyolea mkononi akapaza sauti, "Dokta, mbona gari limechuchumaa? Litafutie choo!" Wateja wake wakaangua kicheko, mmoja akatoka nje na povu usoni ili ajionee mwenyewe. Nilicheka nao, mshauri, lakini moyoni niliungua, nikawaita vibarua wanne waliokuwa wanachimba mtaro, tukafungua kamba, tukaisukuma ile mashine hadi mwisho kabisa wa tela, mifuko ya unga ikafuata hukohuko, gari likanyanyuka likakaa sawasawa, likapendeza, nikafunga kamba upya na kujiona fundi kuliko fundi mwenyewe.

Kwenye tambarare nilihisi kama kuna mtu anatutikisa kutoka nyuma, nikajiambia ni barabara. Tulipofika kwenye mteremko mrefu nilikuwa nakimbilia mia, lori likatupita, upepo wake ukatupiga, tela likaanza kuyumba kushoto kulia, kushoto kulia, kila safari likienda mbali zaidi, mke wangu akapiga kelele "Baba watoto!" nami nikakanyaga breki kwa nguvu zote nilizonazo, na hapo tela likatupeleka lilikotaka lenyewe, tukazunguka tukaishia nje ya barabara tukitazama tulikotoka, mashine iko mtaroni na unga umetapakaa kila mahali. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyekufa, ila mama mkwe alivunjika kifundo cha mkono, mkono wa kulia, na yeye ni mwokaji mikate.

Akiwa amekaa kwenye nyasi ameushika mkono wake, mama akasema, "Jamani, mwanangu alipakia vipi mzigo huu?" Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo, nikafumba. Shemeji alipofika akaokota kamba, akaliangalia fundo, akaniangalia mimi, nami nikajifanya nakung'uta unga kwenye suruali, sijui aliona nini, akaikunja kamba akasema, "La muhimu mko hai," akaanza kukusanya mifuko iliyobaki.

Zimepita wiki saba. Mama amewasimulia ndugu wote, ndugu wakawasimulia majirani, na mtu aliyekuwa ameagiza tela kwa shemeji amehamia kwa fundi mwingine. Shemeji naye chakula cha Jumapili haji tena kwetu, anasema ana kazi nyingi, na mimi nilipita karakana yake nikaikuta imefungwa mchana kweupe. Tela lake lililopinda amelinyoosha, limeegemea ukuta tu, maana mama amesema hataki kuliona na ametukodishia lingine, na juzi mezani akasema, "Safari hii apakie mkwe wangu, yeye ni mtu wa vipimo." Nilitamani ardhi ipasuke.

Naomba unisaidie mawili. Kwanza, tanuri lina kama kilo mia tisa na tela la kukodi kama mia nne, nilipakie na kulivuta vipi nisiue mtu? Pili, kwa kuwa mkono wa mama umeshapona na shemeji mwenyewe hajalalamika, je, ni lazima niseme, au nitakuwa natonesha kidonda bure? Naogopa macho ya mke wangu kuliko kitu kingine chochote.

Ni mimi, Dokta wa Mtaani.

*

Dokta,

Pole kwa ajali, na mpe pole mama mkwe. Pole zangu zimeishia hapo.

Kabla ya kushika kalamu hii niliendesha gari la kusambaza soda miaka kumi na mmoja, tela nyuma, kwa hiyo umebisha hodi penyewe. La tanuri umelitanguliza na la shemeji umelificha mwishoni. Nitafuata mpangilio wako kwa sababu hilo la kwanza linaweza kuua Jumamosi.

Gari kushuka nyuma kidogo likivuta tela si aibu, baba. Uzito unaokalia ile ndoano ya nyuma ya gari, pale tela linaposhikwa, ndio unaolishika tela lisicheze. Uliposukuma kila kitu nyuma uliinua pua ya tela, nayo ikalinyanyua gari lako, matairi ya nyuma yakawa yanagusa lami kwa adabu tu. Uliona gari limependeza kumbe limeachia. Kwa kila kilo mia za tela na mzigo wake, kumi hadi kumi na tano zinatakiwa zikalie ndoano. Kwako wewe ni kama kilo mia moja na thelathini, zisifike mia mbili. Unampimia mtoto dawa ya kikohozi kwa kijiko chenye mistari, halafu kilo elfu moja na mia tatu unazigawa kwa kicheko cha kinyozi? Tafuta mwenye mizani ya magunia, tela likae sawa, mguu wake wa mbele uusimamishe juu ya mizani, usome; zikipungua sogeza tanuri mbele, zikizidi lirudishe nyuma kidogo.

Kisha kitoe kitabu cha gari, nina hakika bado kimo kwenye nailoni yake, usome linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi na ndoano yake ibebe ngapi. Watu na mizigo mliyojaza ndani ya gari navyo vinahesabiwa. Gari kubwa si winchi. Likishuka hadi taa za mbele zinamulika ndege angani, mzigo umezidi, punguza. Na tela la uzito huo liwe na breki zake lenyewe. Kama halina, tanuri lisipande, wala usinibishie. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya ndoano, taa zijaribiwe, matairi yajazwe upepo, na ukishaenda kilomita chache simama ukaze kamba, kwa sababu kamba hulegea mzigo ukishajikalia vizuri.

Mteremko uuingie na gia ndogo tangu juu, usingoje ufike katikati ndipo ukumbuke. Tela likiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, uliache lipoe. Kama breki za tela zina kitufe chake, hicho ndicho ukibonyeze taratibu. Breki ya gari usiikanyage kama unaua nyoka. Na hiyo themanini uliyoambiwa haikuwa ushairi.

Sasa shemeji yako.

Unasema hujui aliona nini kwenye kamba. Dokta! Mtu anafunga mizigo kila siku ya Mungu, asilijue fundo ambalo si lake? Alijua palepale. Akakuangalia ili akupe nafasi ya kusema, wewe ukashughulika na suruali. Tangu siku hiyo amenyamaza kwa ajili ya nyumba ya dada yake, ameacha mama yake mzazi amseme, ameacha mteja aondoke, nawe unakuja kuniandikia kwamba "hajalalamika". Niliposoma hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Mkono wa mama umepona, sawa. Jina la fundi halifungwi plasta. Yule anatengeneza matela kwa mikono yake, na mji mzima unaambiwa tela lake lilitaka kumuua mama yake. Hicho si kidonda kilichofunga. Bado kinatoka damu, ila hakitoki kwako. Mke wako atakasirika, na atakasirika hasa, mimi nitakuwa upande wake. Utalala na hasira zake siku kadhaa. Lakini siku atakapoisikia habari hii kwa yule kinyozi, na vinyozi hawajawahi kutunza siri, utatamani hizo siku kadhaa. Acha kufa kiofisa, kuumia ndani huku nje umenyoosha shati.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, nenda karakana. Ikiwa imefungwa, nenda kwake. Usitume ujumbe wa simu, usibebe zawadi, usianze na hali ya hewa. Mwambie, "Mimi ndiye niliyeisogeza mashine, nikanyamaza, ukalaumiwa wewe. Nisamehe." Kinyozi usimtaje, hakukushika mkono. Jioni mkae na mama mkwe na mke wako, shemeji akiwepo, useme maneno yaleyale, na usithubutu kusema "tulikosea". Ukimaliza, mtafute yule mteja aliyehama, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe.

Baada ya hapo, na si kabla, muulize shemeji kama atakubali kulipakia tanuri kwenye tela lake. Akikubali, simama pembeni ukimshikia kamba, na akishafunga usiguse kitu. Akikataa, ni haki yake, mshukuru uondoke.

Na kama Jumamosi itafika hujasema, gari lisitoke uani. Tanuri likikaa kule wiki moja zaidi halitaoza. Shemeji yako amekusubiri wiki saba.