Majina Kumi na Moja

Mgeta, Uluguru
13 Desemba 1914

Kwa dada yangu mpenzi Agnes,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ngerengere, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekwisha sasa mvua imelaza vumbi la reli. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anatembea, na kila asubuhi anagombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Maharage yamechanua hadi kwenye ule mteremko uliokuwa ukisema hauoti kitu.

Nina kisa cha kukusimulia, nami bado nacheka nikikikumbuka.

Wiki mbili zilizopita akida alipanda huku na karatasi ya boma la Morogoro. Alitukusanya sokoni akanipa mimi niisome kwa sauti, maana yeye herufi za misheni hazijui. Ilisema Wadachi wanapigana na Waingereza, na wanatafuta vijana wa hiari, wa kushika bunduki na wa kubeba mizigo. Na kwa kuwa kwetu kauli ya mpwa ni ya mjomba, mjomba atakayemtoa mpwa wake amwandikishe jina. Akida akaniachia karatasi, akasema atarudi siku ya soko linalofuata kuchukua watu.

Basi dada, mlima ukagawanyika. Salehe, yule muuza chumvi wa mjini, alipita nyumba hadi nyumba akisema tuwaunge mkono Wadachi, kwa kuwa Sultani wa Waturuki ameingia upande wao, na vita vitakwisha kabla mahindi hayajaiva. Wengine walimjibu kwamba mvua haimsubiri sultani, na shamba la mlimani halijilimi. Watu walibishana mtoni, walibishana kanisani kabla kengele haijanyamaza. Mimi na mama tulinuniana siku mbili nzima, maana sikufichi, mimi nilikuwa upande wa vita. Nilitamani kuwaona vijana wetu wakishuka mlimani na kofia za askari, tarumbeta ikilia mbele yao. Majina yakaja moja moja, yakafika kumi na moja.

Siku ya soko akida alirudi na askari wawili. Kabla sijaanza kusoma majina, alisimama Chausiku mfinyanzi, yule aliyekuuzia vyungu vya harusi yako. Unakumbuka kaka yake alibebeshwa mizigo ya askari wakati wa vita vya Maji Maji, na hadi leo hakuna ajuaye alikoanguka. Tulidhani atalia. Kumbe!

Alimsalimu akida kwa adabu zote, kisha akamwuliza, “Bwana akida, hao Waingereza wametukosea nini sisi wa huku? Wametuibia hata kuku?”

Watu wakacheka. Akida akajibu kwamba Waingereza wamezuia meli baharini.

“Meli!” akasema Chausiku. “Mlima wote huu, aliyewahi kuiona bahari anyooshe mkono!”

Salehe peke yake ndiye aliyenyoosha, na soko zima likaangua kicheko, hata wale askari wawili wakageuka kando kuficha meno.

Kisha Chausiku akatugeukia sisi wajomba, na sauti yake ikashuka. Akasema kauli juu ya wapwa zetu tunayo, hilo halikatai. “Lakini kauli hiyo mmepewa na nani kama si dada zenu? Kuna mmoja wenu aliyemwuliza dada yake kabla ya kuandika?”

Halafu mjomba mmoja akasogea kwenye meza, akashika kalamu, akalikata jina la kwanza kwenye karatasi. Nyuma yake akaja wa pili, akaja wa tatu, na mwisho hapakubaki jina hata moja.

Akida aliinua karatasi ile, akaniuliza kama kweli imeandikwa hiari. Nikamsomea tena. Akauliza kwa unyonge yeye atapeleka nini bomani. Hapo mama yetu akapaza sauti toka nyuma kwamba apewe maharage, askari wenye njaa hawamwulizi maswali mtu aliyewaletea chakula. Ikachangwa mizigo kumi na minne papo hapo, na akida akashuka nayo akishukuru. Ngoma ilipigwa mpaka jua likazama. Salehe alicheza kuliko wote, akagawa chumvi bure, akidai hajawahi kumpenda sultani yeyote.

Najua wanaweza kurudi, na safari hiyo karatasi isiseme hiari. Lakini siku hiyo ilikuwa yetu, na hakuna wa kutunyang'anya.

Sasa dada, nivumilie. Jina lile la kwanza lilikuwa la Stefano, mwanao ninayemlea huku. Mjomba aliyelikata ni mimi, na aliyeliandika pia ni mimi. Akida alininong'oneza kwamba atakayetangulia kuandikisha atafanywa jumbe, mkuu wa kijiji, nami nikamtoa mtoto wako bila kukutumia hata neno. Yeye hakubisha. Alisema tu, “Ukiona inafaa, mjomba, nitakwenda.” Maneno hayo bado yananichoma kuliko kama ungenichapa wewe.

Ndiyo maana nimemtuma yeye mwenyewe kwa treni, akukabidhi barua na akae kimya mpaka umalize kuisoma. Mweke huko muda upendao. Kuanzia leo, neno lolote la kumhusu litaanza kwako. Nisamehe, dada yangu. Ukishanisamehe, au hata kabla, inua uso umtazame alivyorefuka.

Mama anakusalimu, na Chausiku anakusalimu sana. Wabusu watoto, mpe shemeji mkono wangu. Mungu awalinde nyote hapo relini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Lukasi